Kamera, bangili au mguso: roboti iijue vipi hali ya moyo wa mtu?

Anayetafuta roboti ya kukaa na mzazi mzee, ya kumsaidia mtoto mwenye usonji au ya kumliwaza mgonjwa anayeshinda peke yake hukutana na ahadi ileile kila anapogeuka: roboti hii huitambua hali ya moyo wa mtu na kujirekebisha kwa kuifuata. Ahadi ni moja, lakini njia za kuitimiza zinatofautiana sana, na asiyezitenganisha anaweza kumpelekea mtu wake kero akidhani anampelekea faraja.

Njia kuu ni tatu. Ya kwanza, roboti humtazama mtu usoni na kuisikiliza sauti yake kwa kamera na maikrofoni. Ya pili, mtu huvaa kifaa mwilini, mara nyingi bangili au saa ya mkononi, nacho huipelekea roboti habari za mapigo ya moyo, jasho la ngozi na joto la mwili. Ya tatu, roboti ina vihisi chini ya manyoya au ganda lake, na inachokijua ni jinsi inavyoshikwa, inavyobebwa na inavyosemeshwa, basi. Zipo pia roboti zinazochanganya njia hizi.

Nitazipima kwa mambo matano: inahisi nini hasa na kwa uhakika gani, inamdai mtu nini kila siku, inafanya nini inapokosea, habari za mtu zinaishia wapi, na kifaa chenyewe kitadumu muda gani. Uzuri wa umbo na wingi wa maneno ambayo roboti inaweza kusema nimeviacha nje, ingawa ndivyo matangazo yanavyovikazia. Roboti inayomwelewa mtu visivyo kila siku huishia kabatini hata ikiwa na sura ya kupendeza.

Inahisi nini hasa

Tuanze na kamera. Programu hufuatilia nyusi, kope na pembe za mdomo, kisha hukisia: huyu ana furaha, huyu ana hasira, huyu amehuzunika. Pepper, roboti yenye kimo cha sentimita 120 iliyotambulishwa Japani mwaka 2014, ilinadiwa kwa uwezo huo. Msingi wake ni imani kwamba kila hisia ina sura yake usoni, na imani hiyo imetikiswa vibaya. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi za nyuso na hisia, wakafikia uamuzi kwamba misuli ya uso peke yake haitoshi kumwambia mtu wala mashine kwa uhakika mwenzake anahisi nini. Watu wengi hukasirika bila kukunja uso, na wengi hukunja uso kwa sababu wanawaza jambo au wanamulikwa na jua. Mwaka 2022 Microsoft ilitangaza kwamba inaondoa uwezo wa kukisia hisia katika huduma yake ya kuchambua nyuso.

Lipo na suala la nyuso zenyewe. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za kampuni kubwa zilizokuwa zikikisia jinsia ya mtu kwa picha. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1. Kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7. Kipimo kile kilihusu jinsia, hakikuhusu hisia, lakini swali lake ni la kuulizwa mbele ya kila roboti yenye kamera: ilifundishwa kwa nyuso za nani?

Hata hivyo kamera ina jambo ambalo wenzake hawana. Inaona mazingira. Inajua kama mtu anaitazama au amegeuka, kama yuko peke yake au ana wageni, kama anacheka au analia. Na maikrofoni, zaidi ya mpando na mshuko wa sauti, hunasa maneno. Mtu akisema "leo sijisikii vizuri", hakuna kihisi cha ngozi kitakachoishinda sentensi hiyo.

Sasa bangili, ambayo inahitaji maelezo marefu zaidi kwa sababu ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Igeuze uitazame upande unaogusa ngozi. Utaona taa ndogo za kijani zinazopepesa na, katika zile za kiwango cha utafiti, vifungo viwili vya chuma. Taa humulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo, na kila moyo unapopiga, kiasi cha mwanga unaorudi hubadilika. Kwa mabadiliko hayo kifaa huhesabu mapigo na kupima tofauti ndogondogo za muda kati ya pigo moja na linalofuata. Kwenye vile vifungo viwili hupitishwa umeme hafifu ambao mtu hausikii. Ngozi ikipata unyevu wa jasho, hata usioonekana kwa macho, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Jasho hilo huendeshwa na sehemu ya mfumo wa neva inayouweka mwili tayari kukabili jambo, nayo haimsubiri mtu aamue. Mshtuko ukitokea, ngozi huujibu ndani ya sekunde chache.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya bangili: inafika kusikofikiwa na uso. Anayejizuia asilie, au ambaye uso wake hauonyeshi kitu kwa sababu ya ugonjwa, bado mwili wake unasema.

Lakini unasema nusu tu. Tangu mwaka 1980, mwanasaikolojia James Russell alipoupendekeza mchoro wake, watafiti wengi huigawa hisia katika pande mbili: kiwango cha msisimko, na kama hali yenyewe ni ya kupendeza au ya kuudhi. Jasho na mapigo ya moyo huupima msisimko vizuri. Upande wa pili hayausemi sawasawa. Ni kama kusikia kelele za watu nyuma ya ukuta: unajua kuna jambo, hujui ni harusi au ugomvi. Mtoto anayerukaruka kwa furaha na mtoto anayekaribia kulipuka kwa hasira wanaweza kuipelekea roboti ishara zinazokaribiana mno.

Namba za maabara zisomwe kwa tahadhari hiyohiyo. Mkusanyo wa data uitwao WESAD, uliotolewa mwaka 2018, ulitokana na watu 15 waliovaa kifaa kifuani na bangili mkononi huku wakiwekwa katika hali ya kawaida, ya msongo na ya kuchekeshwa. Waandishi wake waliweza kutenganisha hali hizo tatu kwa usahihi wa hadi asilimia 80, na kutenganisha msongo na hali isiyo ya msongo kwa asilimia 93. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Lakini katika maabara mtu ametulia kitini na msongo umepangwa. Nyumbani mtu hupanda ngazi, hukoga maji ya moto, hubishana kwenye simu akiwa ameinama kufunga viatu. Bangili ikicheza mkononi, mwanga wa nje huingia chini yake na hesabu huvurugika. Tena vipimo vya tofauti za mapigo vilivyozoeleka huhitaji rekodi ya dakika 5 ya utulivu, ilhali roboti inatakiwa kujibu sasa hivi.

Mahali pa kuvaa nako kuna uzito wake. Tezi za jasho linaloitikia hisia zimejaa zaidi viganjani na kwenye nyayo kuliko kifundoni mwa mkono, kwa hiyo bangili hupata ishara hafifu kuliko vihisi vya vidoleni. Mkanda wa kifuani unaopima umeme wa moyo hushinda bangili kwa usahihi wa mapigo, ila nani atauvaa kutwa?

Kisha kuna miili ambayo bangili haiielewi. Dawa za kushusha presha za kundi la beta huyazuia mapigo yasipande hata mtu akiwa na hofu. Baadhi ya dawa hukausha jasho. Moyo unaopiga bila mpangilio huharibu hesabu za tofauti za mapigo. Jasho la ngozi hupungua kadiri umri unavyosogea, na wapo watu ambao ngozi zao hazitoi ishara ya maana hata kidogo. Anayemnunulia mzazi wa miaka 80 bangili ya hisia bila kuitazama orodha ya dawa zake anakisia tu.

Njia ya tatu ni rahisi kuieleza. Mfano unaojulikana zaidi ni Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili, uzito wa kilo 2.7 hivi, iliyobuniwa na Takanori Shibata wa taasisi ya utafiti ya AIST nchini Japani. Kazi ilianza mwaka 1993, roboti ikaingia sokoni Japani mwaka 2005, na mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaiweka katika daraja la pili la vifaa tiba. Ina vihisi vya mguso, mwanga, sauti, joto na mkao. Haidai kujua kama umehuzunika. Inajua inapapaswa au inapigwa, imekumbatiwa au imelazwa chali, na kitendo kilichofuatiwa na kupapaswa hujifunza kukirudia. Inachojibu ni matendo ya mtu, na kwa kazi fulani hilo linatosha kabisa.

Inamdai mtu nini kila siku

Kamera haimvalishi mtu chochote, na huo ndio mvuto wake. Inachodai ni mwanga wa kutosha na mtu kuwa mbele yake. Akigeuka, akijifunika au taa ikizimwa, roboti haioni tena. Hudai pia jambo zito zaidi, kukubali kutazamwa. Wapo wanaolizoea ndani ya siku chache, na wapo wasiolizoea kamwe, na wa pili wasilazimishwe.

Bangili inadai mengi. Ivaliwe kila siku, ikazwe kiasi ambacho haichezi wala haibani, ivuliwe kuchajiwa na kurudishwa mkononi, na ibaki karibu na roboti ili mawasiliano yasikatike. Ngozi nyembamba ya mzee huweza kuchubuka. Mtoto mwenye usonji anaweza asivumilie hata kidogo kitu kinachogusa mkono wake. Mtu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ataivua mara kumi kwa siku, kwa sababu hajui ni ya nini, na kila ukimrudishia unamwanzishia upya fadhaa uliyotaka kuituliza. Isitoshe, siku za mwanzo roboti inahitaji kuujua mwili wa huyu mmoja: mapigo yake ya kawaida, jasho lake la kawaida. Inayoanza kutoa majibu dakika ya kwanza bila kipindi hicho inampima kwa wastani wa watu wengine.

Roboti ya mguso inadai mikono. Asiyeweza kushika, au aliye mbali na roboti, hapati kitu. Manyoya yake yanahitaji usafi, na penye wagonjwa wengi suala la kuambukizana kwa kupokezana roboti moja lazima lipangiwe utaratibu kabla haijafika.

Inafanya nini inapokosea

Kipengele hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na ndicho kinachokosekana karibu katika kila karatasi ya maelezo ya bidhaa. Roboti zote hizi zitakosea. Kinachotofautiana ni bei ya kosa kwa anayekosewa.

Chukua mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson. Misuli ya uso imekakamaa, kope hazipepesi mara kwa mara, tabasamu halifiki juu hata moyo ukiwa umejaa furaha. Anaketi mbele ya roboti yenye kamera, anaongea na mjukuu wake kwenye simu, amefurahi. Roboti inamwambia, "Naona una huzuni leo." Maneno hayo yanamrudishia mtu huyo jambo linalomuumiza zaidi katika ugonjwa wake: watu hawaioni tena furaha yake. Kosa la programu limekuwa jeraha.

Kosa la bangili huja kwa sura mbili. La kwanza ni kuita msisimko wa mwili wasiwasi. Mtu ametoka kupanda ngazi, mapigo yake ni 110, na roboti inapunguza taa na kumwomba avute pumzi polepole. Mara moja inavumilika. Kila jioni inachosha, na mwishowe bangili huachwa mezani. La pili ni baya zaidi kwa kuwa halionekani: huzuni ya kimya. Mtu aliyekata tamaa anaweza kukaa na mapigo tulivu na ngozi kavu siku nzima, na roboti ikaripoti kwamba yuko shwari. Anayemwachia bangili ulinzi wa mtu mwenye sonona anakosea mahali ambapo kosa halina nafasi.

Kwa watoto kuna mtego mwingine. Roboti ya kufundishia iliyopangwa kurahisisha maswali kila msisimko unapopanda itamrahisishia pia mtoto aliyesisimka kwa kuwa amelipenda swali gumu. Itamnyima hasa kile anachokifurahia, na hakuna atakayejua kwa nini amechoka nayo.

Roboti ya mguso ikikosea, inalia kidogo wakati usiotakiwa, au inakaa kimya. Haijamhukumu mtu.

Ndiyo maana, iwe kamera au bangili, mimi hupendelea roboti inayobadilisha mambo madogo bila kuitaja hisia kwa jina: inapunguza kasi ya kusema, inasogea nyuma kidogo, inanyamaza kwanza, inauliza "tuendelee au tupumzike?" Mtu akijibu, jibu lake liwe juu ya kihisi. Kabla ya kununua, omba uonyeshwe kwa macho yako mambo mawili: roboti inafanya nini bangili ikivuliwa katikati ya mazungumzo, na inafanya nini mtu akiiambia "hapana, siko hivyo". Ikiendelea kukisia kwa data ya zamani, au ikimbishia mwenye moyo wake, iache.

Habari za mtu zinaishia wapi

Kamera humnasa kila anayepita: jirani, mtoto wa mgeni, muuguzi. Hao hawakutia saini popote. Bangili humpima aliyeivaa tu, na kwa hilo ni ya adabu zaidi, ila inachokikusanya ni cha ndani zaidi. Miezi michache ya mapigo na jasho hueleza usingizi wa mtu, homa zake, ulevi wake, pengine na ugonjwa ambao hajawaambia watoto wake. Roboti ya mguso inayofanya kazi bila intaneti haina cha kuvujisha.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja, nalo lijibiwe kwa maandishi: hesabu hufanyika ndani ya roboti, au data husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali? Zinazofanya hesabu ndani zipo, na kwa data ya mwili ningevumilia roboti yenye akili pungufu kuliko kawaida ili data ibaki nyumbani.

Walioko Umoja wa Ulaya wana sheria ya kuzingatia. Sheria ya akili mnemba ya mwaka 2024 inakataza kukisia hisia za watu kazini na katika taasisi za elimu, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama, na katazo hilo lilianza kutumika tarehe 2 Februari 2025. Inazungumzia data za kibayometria, yaani vipimo vya mwili wa mtu, zikiwemo za utendaji wa mwili, hivyo bangili haipati upenyo kwa kuwa tu haina kamera. Hata kwa walio nje ya Ulaya, ni kipimo kizuri cha busara: pale ambapo mtu hawezi kukataa bila kupata hasara, kama mwajiriwa mbele ya bosi wake, kusomwa hisia kunageuka kuwa uchunguzi.

Kifaa kitadumu muda gani

Historia ya roboti za kijamii ina makaburi mengi. Jibo, iliyochangiwa fedha na umma mwaka 2014 na kuanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2017, ilitegemea seva ambazo zilizimwa mwaka 2019. Moxie, iliyotengenezewa watoto, ilipata pigo kama hilo mwishoni mwa 2024 kampuni yake ilipotangaza kufunga. Uzalishaji wa Pepper ulisimamishwa mwaka 2020. Mtoto aliyezoea rafiki anayezungumza, kisha siku moja rafiki akanyamaza, hapaswi kuelezwa habari za seva.

Bangili huongeza pingu ya pili, kwani sasa unategemea kampuni mbili. Empatica E4, bangili iliyotumika katika tafiti nyingi za fani hii, imeachwa na watengenezaji wake na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine. Programu ya simu ikisasishwa upande mmoja, mawasiliano na roboti yanaweza kukatika hata kama vifaa vyote viwili ni vizima. Roboti za mguso zisizohitaji seva ndizo zenye umri mrefu; zinachohitaji ni betri na fundi.

Vipi kuhusu kuchanganya?

Mwaka 2018 Ognjen Rudovic na wenzake wa MIT Media Lab walichapisha kazi inayogusa mambo yote niliyoyataja. Watoto 35 wenye usonji, kutoka Japani na Serbia, walikaa na roboti ndogo iitwayo NAO huku picha, sauti na bangili vikitumika kwa pamoja, na programu ikirekebishwa kwa kila mtoto. Makadirio ya roboti kuhusu hali na ushiriki wa watoto yaliwiana na ya wataalamu kwa kiwango cha asilimia 60 hivi. Wataalamu wenyewe, wakilinganishwa wao kwa wao, waliwiana kwa asilimia 50 hadi 55.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa mara mbili. Yanaonyesha kwamba mchanganyiko uliorekebishwa kwa mtu mmoja mmoja unaweza kufanya kazi nzuri. Na yanaonyesha kwamba hata macho ya wataalamu hayakubaliani kuhusu moyo wa mtoto. Zaidi ya hapo, watoto wa Japani walijongea mwili zaidi walipovutiwa na mchezo, ilhali kwa wale wa Serbia kujongea sana kuliendana na kutovutiwa. Ishara moja, maana mbili. Programu isiyojua inamtazama nani ingekosea nusu ya chumba.

Kuchanganya basi kunasaidia, lakini kunakusanya pia madai yote: kamera ya kuvumilia, bangili ya kuchaji, data maradufu. Kunafaa penye mtu wa kusimamia.

Kwa hali yako

Ukimchagulia mtu mwenye Parkinson, au yeyote ambaye uso wake hauonyeshi yaliyo moyoni, kamera isiwe msingi. Bangili ina cha kuongeza hapa, mradi daktari ameziona dawa zake na roboti inauliza badala ya kutangaza. Kama mikono bado inashika vizuri, roboti ya mguso nayo ni chaguo la heshima.

Kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, anza na mguso. Mtu hahitaji kuelewa wala kukumbuka chochote ili anufaike, na hakuna cha kumvalisha.

Kwa mtoto mwenye usonji, mjaribu kwanza na bangili peke yake, hata ile ya kawaida ya kuhesabu hatua, kabla hujagusa fedha za roboti. Akiivaa bila taabu kwa wiki kadhaa, njia ya bangili au mchanganyiko iko wazi kwake. Akiikataa, usimlazimishe, na usidhani amekosa kila kitu. Mwaka 2018 timu ya Brian Scassellati wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, iliwapelekea watoto 12 wenye usonji roboti nyumbani kwa siku 30. Roboti ilirekebisha ugumu wa michezo kwa kuangalia jinsi mtoto alivyocheza siku zilizopita, na watoto walipiga hatua katika kuelekeza macho na umakini pamoja na watu wazima hata roboti ilipokuwa haipo. Matokeo ya mchezo yalitosha kuiongoza. Ngozi ya mtoto haikuguswa.

Kwa mtu mzima mwenye afya anayeishi peke yake na anayeongea vizuri, sioni haja kubwa ya kihisi chochote. Roboti inayomuuliza ameamkaje na kuamini jibu lake, kama inavyofanya ElliQ kwa wazee, huenda ikamfaa kuliko inayompima kimyakimya. Akipenda mwenyewe kuongeza bangili kwa ajili ya usingizi na mazoezi, ni uamuzi wake.

Kwa mazoezi ya viungo baada ya upasuaji au kiharusi, bangili au mkanda wa kifuani una nafasi nzuri kuliko popote pengine. Hapo roboti inatakiwa kujua kiwango cha juhudi ya mwili ili ipunguze au iongeze zoezi, na hicho ndicho mapigo ya moyo yanachokisema waziwazi.

Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, anayetumia dawa za beta au mwenye kifaa cha kuendesha moyo asitegemee bangili kwa hisia. Mwenye sonona aitumie roboti yoyote kwa kampani tu, na uangalizi wa hali yake ubaki kwa watu na wataalamu.

Nyumba yenye wageni wengi, au wodi yenye vitanda vingi, iepuke kamera inayorekodi, au angalau ichague inayofanya hesabu ndani na kufuta picha papo hapo.

Na kama bado umekwama kati ya kamera na bangili, omba majaribio ya wiki mbili kwa kila moja. Kila jioni mwenye kuitumia aandike mwenyewe, kwa maneno yake, siku yake ilikuwaje, kabla hajaonyeshwa roboti ilisema nini. Asiyeweza kuandika asaidiwe na anayemjua vizuri. Wiki zikiisha, wekeni maandishi yake na yale ambayo roboti ilisema kando kwa kando na mzisome pamoja naye.